Fani Mshtakiwa: Muziki wa Elektroniki wa Chini kwa Chini katika Muungano wa Kisovyeti

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, istilahi za fani na maudhui zimezoeleka mno, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzitamka bila ya kuzitafakari. Aghalabu huelezwa kwamba maudhui ni yale yasemwayo na msanii, nayo fani ni ule ufundi wa kuyasema. Mabishano makali yaliyozuka katika miaka ya 1970, hususan baada ya kuchapishwa kwa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yalikuwa kwa kiasi kikubwa mabishano juu ya mamlaka ya fani: je, shairi lisilo vina wala mizani ni shairi? Hoja zilitupwa huku na huko, na wengine wakatiana makosani kwa maneno ya ukali. Hata hivyo, ugomvi huo ulikuwa wa wasomi na malenga wenyewe. Haukuwa kesi ya serikali dhidi ya mshairi.

Iko nchi ambamo jambo hilihili lilifanywa kesi ya serikali. Katika Muungano wa Kisovyeti, kumwambia msanii kwamba ametukuza fani na kuyapuuza maudhui hakukuwa maoni ya mhakiki tu. Lilikuwa shtaka. Aliyeshtakiwa aliweza kupoteza kazi, kunyimwa jukwaa na mchapishaji na, katika miaka mibaya zaidi, kuhofia uhai wake. Nao muziki wa elektroniki, ambao hauna maneno wala ngano wala mhusika, na ambao mara nyingi hauna hata wimbo wa kuimbika, ulikuwa mshtakiwa wa wazi kuliko wote. Ulikuwa, machoni pa wakubwa, fani tupu.

Makala haya yanakusudia kuieleza historia ya muziki huo tangu miaka ya 1920 hadi kuvunjika kwa Muungano huo mwaka 1991, na kujibu maswali mawili. La kwanza: kwa nini dola yenye majeshi na magereza iziogope sauti zisizosema neno? La pili: wale waliozitunga waliwezaje kuendelea? Hoja itakayotetewa ni kwamba istilahi ya chini kwa chini, ingawa inafaa, inaweza kupotosha. Inamfanya msomaji adhani kwamba kulikuwa na pango fulani nje ya dola ambamo wasanii walijificha. Ukweli ni kwamba muziki huu ulitungwa ndani ya dola yenyewe, katika nyufa zake, kwa umeme wake, na mara nyingine kwa mshahara wake.

2. Umeme na Mapinduzi

Ajabu ya kwanza ya historia hii ni kwamba muziki wa umeme ulianza nchini humo ukiwa mtoto mpenzi wa mapinduzi. Mwaka 1920 Lenin alikuwa akihimiza kwamba ukomunisti hauwezi kutimia bila ya kuitandaza nchi nzima umeme. Mwaka huohuo, katika taasisi ya fizikia ya Petrograd, mwanasayansi kijana Lev Termen, ambaye huko Magharibi alikuja kujulikana kwa jina la Leon Theremin, aligundua chombo kinachopigwa bila ya kuguswa. Mpigaji husimama mbele ya nyuzi mbili za antena. Mkono mmoja ukisogea huku na huku sauti hupanda na kushuka, na mkono wa pili huongeza au kupunguza nguvu yake. Termen alikionyesha chombo hicho kwa Lenin mnamo 1922, naye Lenin akapendezwa nacho. Mwishoni mwa mwaka 1927 Termen alifika Marekani, na mwaka uliofuata akapata huko hataza ya ugunduzi wake.

Wengine nao hawakulala. Tarehe 7 Novemba 1922, mjini Baku, Arseny Avraamov aliadhimisha miaka mitano ya mapinduzi kwa muziki uliopigwa na mji mzima: ving'ora vya viwanda, honi za meli za Bahari ya Kaspi, mizinga, bunduki za rashasha na kwaya za watu. Mnamo 1930 Avraamov huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza sauti kwa kuichora. Katika filamu ya sinema, sauti huhifadhiwa kama alama za weusi na weupe pembezoni mwa ukanda, na mwanga unapopita hapo hugeuzwa kuwa umeme, kisha umeme ukawa sauti. Avraamov aliuliza: iwapo sauti iliyonaswa huonekana kama mchoro, kwa nini mchoro usiotokana na sauti yoyote usitoe sauti mpya? Mjini Leningrad, Evgeny Sholpo alilifuata wazo hilo na kuunda mtambo alioupa jina la Variophone.

Wazo hilo la kuchora sauti halina budi kukumbukwa, kwani ndilo litakalorudi baada ya karibu miongo mitatu likiwa limekomaa.

3. Neno Lililogeuka Silaha

Katika mwezi wa Aprili 1932 Chama cha Kikomunisti kilivunja vikundi vyote huru vya wasanii na kuamuru kuundwa kwa umoja mmoja wa waandishi, mmoja wa watunzi wa muziki, na kadhalika. Miaka miwili baadaye uhalisia wa kijamaa ukatangazwa kuwa njia rasmi ya sanaa. Sanaa ilitakiwa ieleweke kwa umma, iwe na matumaini na ishikamane na Chama. Kinyume chake kiliitwa ufomalisti.

Historia ya neno hili inastahili kuangaliwa na wanaisimu. Hapo mwanzo lilikuwa jina la kundi la wahakiki wa Kirusi, akina Viktor Shklovsky na Boris Eichenbaum, ambao waliichunguza kazi ya fasihi kwa kuangalia ufundi wake wenyewe. Mwaka 1930 Shklovsky, baada ya kuandamwa, alichapisha makala ya kuyakana mafundisho yake mwenyewe. Tangu hapo neno hilo liliacha kuwa jina la nadharia, likawa tusi, na kutoka kuwa tusi likawa shtaka. Maana yake ya kitaaluma iliondoka. Nguvu yake ya kisiasa ikabaki.

Tarehe 28 Januari 1936 gazeti la Pravda lilichapisha makala, bila ya kumtaja mwandishi, ikiishambulia opera ya Dmitri Shostakovich iitwayo Lady Macbeth wa Mtsensk. Opera hiyo ilikuwa imechezwa kwa miaka miwili na kushangiliwa. Baada ya makala hayo iliondolewa jukwaani. Kisha, tarehe 10 Februari 1948, Kamati Kuu ya Chama ilitoa azimio lililoanzia kwenye opera ya Vano Muradeli, Urafiki Mkuu, na kuwataja kwa majina Shostakovich, Prokofiev, Khachaturian, Myaskovsky na wengineo kuwa wafuasi wa ufomalisti. Mwaka huohuo Tikhon Khrennikov alishika uongozi wa Umoja wa Watunzi, akaushikilia hadi mwaka 1991.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kilichokatazwa. Hakuna noti iliyotajwa katika azimio hilo kuwa ni haramu, wala hakuna kipimo kilichowekwa cha kutenganisha fani iliyozidi na fani ya kiasi. Udhaifu huo wa kimantiki ndio uliokuwa nguvu ya neno lenyewe. Sheria ikisema usivuke mto huu, mtu hujua ukingo uko wapi. Neno lisilo na mpaka humfanya kila mtu ajichoree mpaka wake mwenyewe, naye mwenye hofu huuchora karibu na miguu yake. Wataalamu wa lugha nao walipata fungu lao: mafundisho ya Nikolai Marr, yaliyotawala isimu ya nchi hiyo kwa muda mrefu, yalipinduliwa mwaka 1950 Stalin mwenyewe alipoandika katika Pravda kuyakataa. Wanaisimu waliokuwa wakiyatetea jana wakajikuta leo wako upande wa makosa, bila ya ushahidi mpya wowote kutoka katika lugha zenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza linaanza kupata jibu. Sauti isiyo na maneno iliogopwa kwa sababu haikaguliki. Shairi lina mistari ya kukatwa, na mchezo wa kuigiza una maneno ya kubadilishwa. Mkaguzi anayesikiliza muziki usiofanana na chochote anachokijua hawezi kusema unamaanisha nini, na muhimu zaidi, hawezi kuwathibitishia wakubwa wake kwamba haumaanishi jambo baya.

4. Termen Arudi Nyumbani

Maisha ya Termen yanaonyesha jinsi dola ilivyoweza kuupenda umeme na kuukataa muziki wake. Alirejea Moscow kutoka Marekani mwaka 1938, wakati kamatakamata ikiendelea. Mnamo Machi 1939 akatiwa mbaroni, akahukumiwa kifungo na kupelekwa Kolyma, eneo la migodi na baridi kali mashariki ya mbali. Baadaye alitolewa huko na kuwekwa katika gereza la wanasayansi, ambamo wafungwa walilazimishwa kuifanyia serikali utafiti. Huko ndiko alikotengeneza vyombo vya kudukiza mazungumzo. Kimojawapo kilifichwa ndani ya nembo ya mbao ya Marekani ambayo balozi wa nchi hiyo mjini Moscow alizawadiwa mwaka 1945. Chombo hicho hakikuwa na betri wala waya, na hakikugunduliwa hadi mwaka 1952. Mwaka 1947 Termen alitunukiwa Tuzo ya Stalin kwa kazi yake ya udukizi.

Katika miaka ya 1960 alipata nafasi ya kufanya kazi katika Chuo cha Muziki cha Moscow, akaanza tena kuunda vyombo vya muziki. Mnamo 1967 gazeti la New York Times liliandika habari zake, na wengi huko Marekani waliodhani kwamba amekwisha kufa wakajua yu hai. Wakuu wa chuo hawakupendezwa na umaarufu huo. Termen aliondolewa, na vyombo vyake vikatupwa nje na kuvunjwa. Alifariki mwaka 1993, akiwa ameiona dola iliyomfunga na kumtuza ikitoweka.

Ubongo mmoja, elimu moja, umeme uleule: katika kudukiza ukapewa tuzo, katika kuimba ukavunjwa kwa shoka.

5. Mhandisi na Kioo Cheusi

Evgeny Murzin, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1970, alikuwa mhandisi wa zana za kijeshi. Mnamo 1938 alipata wazo la mtambo ambao ungemwezesha mtunzi kuutengeneza muziki wake moja kwa moja, bila ya mpigaji wala bendi. Vita vilimchelewesha, na kazi yake ya jeshi ilimbana. Hivyo mtambo huo aliujenga kwa saa zake za mapumziko, akisaidiwa na marafiki. Ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliuita ANS, yaani herufi za mwanzo za jina la Alexander Nikolayevich Scriabin, mtunzi aliyefariki mwaka 1915 na aliyewahi kuota ndoto ya kuunganisha sauti na rangi za mwanga.

Namna mtambo huo unavyofanya kazi inaeleza mengi. Ndani yake mna sahani za kioo zinazozunguka, ambazo zimechorwa mistari myembamba yenye weusi na weupe unaopishana. Taa huangaza kupitia sahani hizo, na kila mstari huukatakata mwanga kwa kasi yake na hivyo kuzaa sauti moja safi. Katika mtambo uliokamilika baadaye, sauti hizo ni 720. Kila oktava imegawanywa katika hatua 72, ilhali piano huigawanya katika hatua 12 tu. Mbele yake huwekwa bamba kubwa la kioo lililopakwa utomvu mweusi usiokauka. Mtunzi huukwangua utomvu huo kwa kijiti. Mahali palipokwanguliwa mwanga hupenya, hukutana na seli zinazogeuza mwanga kuwa umeme, kisha spika hutoa sauti. Mkwaruzo wa juu hutoa sauti nyembamba, na wa chini hutoa sauti nzito. Bamba likisogea kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakati hupita. Asiyeridhika na alichosikia hupaka utomvu tena na kukwangua upya.

Inafaa kutilia maanani matokeo ya muundo huo katika mazingira yale. Mtunzi wa kawaida alihitaji mchapishaji wa noti, bendi, mwelekezi wa bendi na ukumbi. Yote hayo yalikuwa mikononi mwa taasisi za serikali, na kila mlango ulikuwa na bawabu. Mbele ya ANS mtunzi alihitaji kijiti na usiku mmoja. Mtambo huo haukupinga udhibiti kwa kauli yoyote. Uliipunguza tu idadi ya milango.

6. Miavuli Mitatu

Hata hivyo, mtambo wa ukubwa wa kabati hauwezi kufichwa uvunguni. Ulihitaji nyumba, na nyumba ilihitaji sababu. Hapa ndipo panapoonekana ule werevu wa kuishi katika nyufa za dola, nao unaweza kuelezwa kwa mfano wa miavuli mitatu.

Mwavuli wa kwanza ulikuwa makumbusho. Nyumba ambamo Scriabin aliishi hadi kufa kwake, karibu na mtaa wa Arbat mjini Moscow, ilifanywa makumbusho tangu mwaka 1922. Kwa kuwa mtambo ulichukua jina la Scriabin, haikuwa ajabu kuupeleka kwake. Katika mwaka 1966 ikaanzishwa hapo studio ya majaribio ya muziki wa elektroniki, nao vijana wakaanza kuingia: Eduard Artemyev, Stanislav Kreichi, Alfred Schnittke, Edison Denisov na Sofia Gubaidulina. Artemyev alitunga humo Mosaiki mwaka 1967. Denisov akatunga Uimbaji wa Ndege na Schnittke akatunga Mkondo, zote za mwaka 1969. Naye Gubaidulina akatunga Vivente – non vivente, yaani kilicho hai na kisicho hai, mwaka 1970. Mtunzi aliyekwisha kufa akawakinga walio hai. Jambo hili wanafasihi wanalijua: mara nyingi jipya huingia mjini likiwa limevaa kanzu ya babu.

Mwavuli wa pili ulikuwa sayansi. Baada ya chombo cha kwanza kurushwa angani mwaka 1957 na Yuri Gagarin kuizunguka dunia mwaka 1961, chochote kilichonukia maabara kilikuwa na heshima. Murzin hakuwa mtunzi bali mhandisi, na mtambo wake uliweza kuelezwa kuwa ni fahari ya ufundi wa Kisovyeti. Denisov naye alikuwa amesomea hisabati huko Tomsk kabla ya kuingia katika muziki. Sauti ambazo zingeitwa ufomalisti katika ukumbi wa tamasha ziliweza kuitwa utafiti katika chumba chenye waya na taa.

Mwavuli wa tatu, na mpana kuliko yote, ulikuwa sinema. Katika filamu ya kubuni kuhusu safari za angani, iitwayo Kuilaki Ndoto, ya mwaka 1963, sauti za ANS zilisikika nchi nzima. Sehemu hizo zilitengenezwa na Artemyev, na mtunzi mkuu wa filamu hiyo alikuwa Vano Muradeli, yuleyule ambaye opera yake ilianzisha dhoruba ya mwaka 1948. Artemyev aliendelea hadi kwenye filamu za Andrei Tarkovsky: Solaris mwaka 1972, Kioo mwaka 1975 na Stalker mwaka 1979. Sauti ngeni ikiambatana na picha ya sayari ngeni, mkaguzi aliridhika: sasa ilikuwa na maudhui. Sauti ileile ikipigwa peke yake gizani, ilikuwa kosa. Hakuna ushahidi bora kuliko huu kwamba ufomalisti haukuwa katika sauti bali katika sikio la mwenye mamlaka.

Miavuli hiyo ilikuwa na bei. Murzin alifariki mwaka 1970, na studio ikapoteza mtetezi wake mkuu. Ilipata sintesaiza kubwa ya Kiingereza iitwayo Synthi 100, lakini haikudumu; kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imefungwa. ANS ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Moscow, ambako Kreichi aliitunza isitupwe. Wengi wa watunzi waliokuwa wamefika kwenye nyumba ya Scriabin walirudi kwenye bendi na piano, na huko pia hawakuachwa. Mnamo Novemba 1979, katika mkutano mkuu wa Umoja wa Watunzi, Khrennikov aliwalaumu hadharani watunzi saba ambao kazi zao zilikuwa zimepigwa mjini Cologne, Ujerumani Magharibi. Denisov na Gubaidulina walikuwemo, pamoja na Viktor Suslin na Vyacheslav Artyomov, ambao tangu mwaka 1975 walikuwa wakikutana na Gubaidulina katika kikundi cha Astreya kupiga muziki wa papo kwa papo. Mtunzi aliyelaumiwa namna hiyo hakufungwa kama ilivyokuwa zama za Stalin. Alinyimwa tu: jukwaa, redio, ruhusa ya kusafiri.

7. Mifupa na Kanda

Studio haikuwa njia pekee. Ilikuwapo historia nyingine, ya vichochoroni, ambayo haikuhusu utunzi bali usambazaji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana wa Leningrad walibuni namna ya kunakili muziki uliokatazwa, kama vile jazi na nyimbo za waimbaji waliokimbilia ng'ambo. Plastiki ya kutengenezea santuri haikupatikana, lakini hospitali zilikuwa na picha nyingi za eksirei zilizokwisha tumika. Ruslan Bogoslovsky aliunda mashine ya kuchonga mifereji ya sauti juu ya picha hizo. Zilikatwa mviringo kwa mkasi, na tundu la katikati likatobolewa kwa moto wa sigara. Aliyeishika santuri hiyo na kuielekeza kwenye mwanga aliona mbavu au fuvu la mtu asiyemjua. Watu waliuita muziki wa mifupa. Bogoslovsky na mwenzake Boris Taigin, ambaye pia alikuwa mshairi, walikamatwa mwaka 1950, na walipotoka gerezani baada ya kifo cha Stalin wakairudia kazi hiyo.

Kinasa sauti cha kanda kilipoenea, mifupa ikaachwa. Kanda haikuhitaji kuchongwa. Rafiki alimnakilia rafiki, kama vile miswada iliyokatazwa ilivyopigwa taipu nakala kwa nakala. Katika miaka ya 1980 mjini Leningrad, Andrei Tropillo aliwarekodi wanamuziki wasiokubalika ndani ya jumba la serikali la watoto, ambamo kazi yake rasmi ilikuwa kuwafundisha watoto kunasa sauti. Kanda za mpiga piano Sergei Kuryokhin zilivushwa hadi London na kutolewa huko kwenye santuri mwaka 1981. Mwaka huohuo klabu ya muziki wa roki ilifunguliwa Leningrad kwa idhini ya wakubwa, ambao waliona ni heri wawasikilize vijana wakiwa mahali pamoja.

Tofauti ya njia hizi mbili yafaa kuzingatiwa. Watu wa studio walikuwa na mtambo lakini hawakuwa na wasikilizaji. Watu wa mifupa walikuwa na wasikilizaji lakini muziki waliousambaza ulikuwa umetungwa na wengine. Kanda ndiyo iliyowakutanisha. Kwa mara ya kwanza mtunzi wa majaribio aliweza kutunga na kusambaza kwa chombo kilekile, mezani pake.

8. Hitimisho

Huenda ikapingwa kwamba kuwaita akina Artemyev na Schnittke watu wa chini kwa chini ni kutia chumvi. Walikuwa wanachama wa Umoja wa Watunzi, walilipwa na studio za filamu, na mnamo 1980 Artemyev alitunga hata muziki wa Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Pingamizi hili ni la haki, na linaukaza msimamo wa makala haya badala ya kuulegeza. Dola iliyomiliki viwanda, redio, kumbi na hata uzi wa umeme haikuacha nje yoyote ya kukimbilia. Anayetaka shujaa aliyesimama nje ya ukuta hatampata. Atakachopata ni watu waliojua ukuta umepasuka wapi, na ni saa ngapi bawabu husinzia. Wala si haki kusahau kwamba werevu huo haukuwaokoa wote: Kolyma haikuwa na mwavuli.

Kazi za Schnittke, Denisov na Gubaidulina zilizotungwa kwa ANS zilitolewa na kampuni ya serikali, Melodiya, kwenye santuri mwaka 1990, miaka ishirini hivi baada ya kukwanguliwa kwenye kioo cheusi. Mwaka uliofuata nchi yenyewe ikavunjika. ANS ilisalimika, na imehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Moscow. Denisov alifariki mwaka 1996, Schnittke mwaka 1998, Artemyev mwaka 2022 na Gubaidulina mwaka 2025.

Kwa mwanataaluma wa lugha na fasihi, funzo la historia hii liko katika zana zake mwenyewe za kila siku. Fani na maudhui ni istilahi zinazofaa maadamu zinabaki kuwa maswali: kazi hii imeundwaje, na inasema nini? Zinapokoma kuwa maswali na kuwa mizani ya kumpima msanii uaminifu wake, hazina tena haja ya kueleweka, hutosha kutamkwa. Azimio la mwaka 1948 lilirekebishwa na Chama chenyewe mnamo Mei 1958, na watunzi waliotajwa wakasemekana kuwa walionewa. Maana ya neno ufomalisti, hata hivyo, haikuwahi kufafanuliwa, na kwa kuwa haikufafanuliwa, Khrennikov aliweza kuwashutumu watu saba mwaka 1979 kwa roho ileile ya mwaka 1948. Istilahi isiyo na mpaka haifi kwa azimio. Hufa pale tu wale waliokabidhiwa kazi ya kufafanua maneno wanapoifanya kazi yao.